Anastase Ngendakumana, Aliyerudi Kufunga Maji

Wasikilizaji wapendwa, watu walikuwa tayari barabarani, wanakimbia vita. Jua lilikuwa limeshatoka upande wa milima ya Burundi, na barabara inayotoka Bwegera kushuka Luberizi, Sange, mpaka huku kwetu Uvira, haikuwa na nafasi ya kuweka mguu. Magodoro vichwani. Mbuzi kwenye kamba. Masufuria yanagongana. Katikati ya watu hao alitembea mwanaume mmoja mrefu, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, anasukuma baiskeli. Nyuma ya baiskeli, juu ya gunia la unga wa muhogo, alikuwa amefunga chuma kizito kilichokunjwa kama kiwiko cha mkono.

Mtu huyo ni Anastase Ngendakumana, agronome, yaani mtaalamu wa kilimo wa serikali, kule Bwegera. Ndiye tunayemkumbuka leo.

Nieleze hicho chuma, kwa sababu si wote mnaolima mpunga. Kinaitwa manivela. Unakitia kwenye mlango wa mfereji, pale juu maji yanapotoka mtoni, unazungusha, mlango unapanda au unashuka. Bila manivela mlango hausogei. Na kanuni ya kazi ni hii: agronome akiondoka kituoni kwa sababu ya vita, anafunga maji, anaondoka na manivela, maana ni mali ya serikali na yeye ndiye atakayeulizwa.

Asubuhi hiyo Anastase alichukua manivela. Maji hakuyafunga. Nasema tena, wasikilizaji, maana yote yanatoka hapo: manivela alikuwa nayo, lakini maji aliyaacha wazi.

Anastase alizaliwa Bwegera. Baba yake alilima mpunga, mama yake, Ninahazwe, aliuuza sokoni. Alisomea kilimo, serikali ikampa kazi kwenye uwanda uleule aliozaliwa. Biro yake ilikuwa chumba kimoja chenye meza, bendera, na madumu ya mbegu. Nimetembea sana maishani mwangu, Kalemie, Kigoma, Bujumbura, nimeona wakubwa wa kilimo ambao viatu vyao havijui matope. Huyu viatu alikuwa anavivua na kuvitundika shingoni, anaingia.

Mke wake ni Ernestine, mtoto wa kule juu Mulenge. Baba yake alikuwa na ng'ombe. Ernestine alitusimulia siku Anastase alipopanda kwenda kuposa. Alikaribishwa, akapewa maziwa, akanywa. Halafu badala ya kusema lililomleta, akaanza kumuuliza mzee juu ya mbolea. Inakaa wapi, nani anaichukua, kwa nini inaachwa mvua iibebe. Mzee akavumilia, akavumilia. Jioni akamwita binti yake pembeni.

"Akaniuliza: mtoto wangu, huyu kijana iko anataka weye, ao iko anataka mavi ya ng'ombe?"

Ernestine alicheka alipotusimulia hilo. Ilikuwa mara moja tu, katika mazungumzo yote, tulipomwona anacheka.

Walipata binti mmoja, Bella. Na kwa sababu yake, Anastase akaitwa Papa Bella na majirani. Wakulima wao walimwita agronome tu, kama vile ndilo jina alilobatizwa.

Sasa nishuke mashamba ya chini. Mfereji wa Bwegera unaanza juu, karibu na nyumba ya Anastase, unapita mashamba ya juu, halafu ya katikati, mwisho unafika chini kabisa, kuelekea mto Ruzizi. Kutoka mlangoni kwenda huko ni mwendo mrefu kwa miguu, juu ya matuta ya matope. Watu wa chini ndio wanaopata maji mwisho. Ndio wanaolalamika kwanza.

Na mkubwa wa kulalamika alikuwa Mama Charlotte, mjane, mwenye shamba la mwisho kabisa. Huyo alimtania Anastase miaka yote. Akimwona anakuja kwenye tuta, anapaza sauti wote wasikie:

"Agronome, maji yako iko na tabia ya serikali. Inafika kwa wakubwa kwanza."

Anastase anajibu kwamba basi leo mkubwa ni Charlotte, anashuka mfereji wote anafunga vichepuko vya juu kwa mkono, mpaka maji yafike kwa Charlotte. Charlotte anayaangalia, anasema yana matope. Walikuwa hivyo.

Lakini watu wa chini walikuwa na jambo lao jingine, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Katika vita vya zamani, agronome aliyekuwepo kabla ya Anastase alifunga mlango akakimbia. Kule chini hakuna aliyekuwa na habari. Waliona tu mfereji umekauka wakati haikuwa siku ya kuukausha. Wakaelewa. Wakachukua watoto wakaondoka, na walioondoka walipona. Tangu siku ile ikawa desturi yao. Mama anamfundisha mtoto: maji yakikauka bila sababu, usiulize, chukua mdogo wako, twende. Na maji yakiwa yanakuja, serikali bado iko, tulime.

Maneno ya watu hawakuyaamini tena. Walishawahi kuambiwa vita inakuja, wakakimbia, kurudi wakakuta mpunga umekatwa na waliowatisha. Zaidi ya mara moja. Kwa hiyo mtu akija na habari, wanamwangalia mikono kama ameficha mundu. Halafu wanaangalia mfereji.

Anastase alilijua hilo. Alikuwa mtoto wa palepale. Lakini asubuhi ile kichwa chake kilikuwa kwenye mpunga.

Simu ilitoka kwa wakubwa wake Uvira. Ilisema: funga, toka na manivela, shuka mjini. Amri ya kawaida. Mapigano yalikuwa yanakuja kutoka upande wa juu wa barabara. Ernestine alikuwa anafunga vyombo. Alimwona mume wake amesimama kwenye ukingo wa mfereji, manivela mkononi, hafanyi kitu. Mpunga ulikuwa umeanza kutia maziwa. Anayelima anajua: mpunga ukikosa maji wakati huo, unabaki na maganda matupu.

"Akaniambia, Mama Bella, nikifunga leo, batu batarudi kuvuna makapi. Nikamwambia, fanya yenye roho yako iko inakuambia. Minye ndiye nilisema hivyo. Minye."

Akaacha wazi. Alimtuma mtu mmoja ashuke kwa watu wa chini, awaambie waondoke. Baadaye rezo ya simu ikakatika. Yeye, mke na binti wakaingia barabarani pamoja na watu wote wa juu. Alidhani amefanya mambo mawili kwa pamoja: watu waondoke, mpunga ubaki unakunywa. Siku watakayorudi, wakute chakula.

Walifika Luberizi. Wakakaa kando ya barabara kupumzisha Ernestine, maana magoti yalikuwa yanamsumbua. Hapo ndipo Osée alipowakuta. Osée ni mtu wa pikipiki, alikuwa ametoka chini kabisa akiwa amebeba mgonjwa. Anastase akamuuliza kama watu wa chini wameshapita njia ya Ruzizi.

Osée akamwambia hapana. Wako kule. Wanafukuza ndege kwenye mpunga.

Anastase akauliza kama yule aliyemtuma hakufika. Osée akasema alifika, na yeye mwenyewe pia aliwaambia, na Mama Charlotte aliwacheka wote wawili mbele za watu. Bella alikuwa amesimama hapo. Ndiye aliyetukariria maneno ya Osée:

"Mama Charlotte anasema: muko munataka kutuibia tena. Kama agronome angekuwa ameenda, hii maji ingekuwa imekauka."

Wasikilizaji wapendwa, Bella anasema baba yake aliangalia kule walikotoka. Halafu akaanza kufungua kamba kwenye baiskeli, polepole, kama mtu anayefungua mzigo nyumbani. Gunia la unga akaliweka chini. Manivela akaiweka begani.

Ernestine alielewa haraka. Akasimama na magoti yake yale, akashika kile chuma. Akamwambia amkabidhi Osée. Osée akatikisa kichwa. Alisema atamfikisha kwenye njia panda, lakini mlangoni hafiki, huko risasi zimeanza kusikika. Tusimlaumu Osée. Ana watoto, na pikipiki si yake.

Ernestine akasema maneno ambayo leo anayarudia kila siku. Alimwambia: "Mpunga utapandwa tena, Papa Bella. Uache ufe."

Anastase akamjibu: "Siendi sababu ya mpunga. Minye niliwaacha na maji. Banaona maji, banafikiri niko."

Bella akasema ataenda naye, wazungushe pamoja, mlango ule ni mgumu. Akakatazwa. Baba yake alimwambia amsaidie mama kutembea, na wasisimame tena mpaka Sange. Akapanda nyuma ya Osée. Bella anasema hakugeuka, kwa sababu kile chuma kilikuwa begani na kilimzuia shingo. Anapenda kuamini hivyo. Sisi tumwachie aamini hivyo.

Osée alimshusha kwenye njia panda. Alimwona anaingia njia ya mfereji kwa miguu, viatu shingoni. Osée akageuza pikipiki. Kilichotokea mlangoni hakuna aliyekiona. Nani aliyempiga risasi, hatujui, na redio hii haitabahatisha.

Tunachojua kinatoka kwa watu wa chini. Mama Charlotte tuliongea naye kwa simu, yuko ng'ambo Burundi. Alikuwa anarushia ndege mabonge ya udongo. Akaona maji ya mfereji yanashuka. Yakashuka tena. Matope yakaonekana.

"Nilimtukana kwanza. Nilisema agronome ameanza maneno yake, atuue na kiu wakati mpunga iko inatia maziwa. Halafu nikaona samaki wadogo wanaruka kwenye matope. Nikaangalia jirani yangu, naye alikuwa ananiangalia."

Waliacha miundu. Waliacha vyungu kwenye moto. Walibeba watoto na wazee, wakakata katikati ya mashamba kuelekea Ruzizi. Walipofika kwenye matete ya mto, walisikia risasi nyuma yao, pale walipokuwa wanafukuza ndege.

Ernestine na Bella walifika Uvira, wakapokelewa na ndugu huko mtaa wa Songo. Kila siku Ernestine alitoka kusimama barabarani. Kila kundi lililoingia kutoka uwandani, aliuliza kama wamemwona mwanaume mrefu mwenye chuma begani. Wengine walidhani anatafuta mwanajeshi.

Rezo iliporudi, simu ya kwanza aliyopata ilikuwa ya Charlotte. Charlotte hakujua lolote. Alipiga kushukuru. Alisema: Mama Bella, mwambie agronome tuliona maji, tuko wazima, karibu wote. Mwambie nitaacha kumtukana.

Ernestine alituambia hivi: "Nilifurahi. Ni kweli nilifurahi. Nikamwambia nitamwambia. Kisha nikakata simu, nikakaa chini."

Wasikilizaji wapendwa, kwa Mama Bella Ernestine, kwa Bella, kwa ukoo wote wa Ngendakumana hapa Uvira, uwandani na ng'ambo ya Ruzizi, kwa ndugu wa Mulenge, sisi wa redio hii tunawapa pole. Kwa Kirundi, lugha ya Anastase nyumbani kwao: mwihangane. Hatuna neno la kujaza nafasi yake, na hatutalitafuta.

Nanyi mnaonisikia, mko jikoni, mko kwenye kambi, mko ziwani, naomba tufikirie jambo moja. Kila mtu ana kitu ambacho wengine wanakiangalia ili wajue kama ni salama. Mwalimu anafungua darasa, wazazi wanasema basi tubaki. Muuguzi amefungua dispensari, mgonjwa anasema basi tungoje. Wafanyakazi wa serikali, mnaangaliwa hata pale mnapodhani hakuna anayewaona. Anastase alikosea kwa wema, na alilijua kosa lake akiwa ameshafika mahali salama. Tujiulize kimya kimya, kila mmoja wetu, kama angegeuka.

Sasa niwaambie kila mmoja yuko wapi.

Mama Charlotte yuko kambini Burundi, anaumwa miguu. Watu wa mashamba ya chini walivuka Ruzizi karibu wote. Ndugu wawili walichukuliwa na mto wakati wa kuvuka. Familia imeomba tusitaje majina. Yule aliyetumwa kuwaambia waondoke alivuka pamoja nao. Osée anaendesha pikipiki hapa mjini. Hakukubali kuongea nasi. Mpunga wa mashamba ya juu uliliwa na ng'ombe. Ule wa chini ulitoa makapi. Mahali pa agronome wa Bwegera hapajapata mtu. Bella anasuka nywele za watu nyumbani kwa shangazi yake. Ernestine yuko Songo, haendi tena kusimama barabarani. Anastase Ngendakumana alikutwa kwenye ukingo wa mfereji, viatu vyake shingoni, na watu waliopita kutafuta muhogo. Walimzika palepale. Hawakumjua jina.