Kigoda Kando ya Chainizi

Wapendwa wa umoja wetu, nimepewa dakika tano. Mnanijua, dakika tano kwangu hazitoshi hata kupiga chafya. Nitajitahidi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Sabuni zilirudi madukani Tukuyu, mitumba ikajaa mpaka mbuzi wangeweza kuvaa makoti, na shirika ambalo mume wangu alikuwa dereva wake likafungwa. Tukarudi Kawetele kwa baba yake. Haukupita mwezi, mume akasema anashuka Kyela kutafuta mchele wa kuuza. Ndugu zangu, nawaambia, mchele ule lazima anauchambua punje kwa punje, maana mpaka leo hajarudi.

Nikabaki na watoto watatu na kipande cha ardhi nyuma ya nyumba. Jirani mmoja, yupo hapa ameinamisha kichwa, alinipa mbegu za chainizi ndani ya kiberiti. Pale kwetu wengi hawakuijua mboga hiyo. Mdogo wa mume wangu aliangua kicheko: "Shemeji, unafuga sungura, au sungura ndiye wewe?"

Mimi niliyesoma masomo ya jioni na mtoto mgongoni nilishazoea kuchekwa, nikacheka naye. Majani yakatoka mapana kama miavuli. Nilichuma ya chini, nikaacha moyo wake, yakaota tena. Asubuhi napeleka mafungu mtaa wa Bagamoyo, hapahapa Tukuyu, jioni watoto wanakula.

Kosa langu ni kwamba tuta lile nililiweka kando ya njia ya baba mkwe. Mliolelewa huku mnajua: mkamwana hakutani na baba mkwe wake, wala hamsemeshi. Ukisikia kikohozi chake unajitupa migombani, hata kama umebeba sufuria ya moto.

Kiangazi kikaingia, mboga zikawa zinataka maji asubuhi na jioni. Hapo ndipo shemeji alipoleta kigoda cha mzee, akakiweka palepale kwenye tuta. "Mzee anapenda jua la huku," akasema. Jua! Kana kwamba Kawetele nzima ilikuwa na jua moja, nalo limeota kwenye mboga zangu! Mzee akawa anakaa pale kutwa, ameipa nyumba mgongo. Nami nikawa dirishani, ndoo mkononi, natazama chainizi zikilala chini moja baada ya nyingine.

Siku ya tisa shemeji alikuja mlangoni. Safari hii hakucheka.

"Shemeji, watoto wanalala na ndizi tupu. Jumamosi ukoo unakaa. Asiyeweza kulisha arudi kwao. Watoto ni wetu."

Ndipo nikakielewa kile kigoda.

Nilijifunika khanga mpaka puani, nikamgeuzia mzee mgongo, nikaenda kinyumenyume na ndoo yangu. Maji nusu yaliishia miguuni. Mnacheka? Chekeni tu. Mwenzenu nilikuwa nalia.

Mzee hakunisemesha mimi. Aliusemesha mgomba.

"Wewe mgomba, mwenye mboga hizi alikuwa wapi siku zote?"

Nami nikaujibu mgomba: "Mwambie baba, mwenyewe hawezi kufika kilipo kigoda cha baba. Na mboga zikifa, ananyang'anywa watoto."

Kisha nikasikia kigoda kikiburuzwa.

"Mgomba, kiti hiki sikukileta mimi."

Akaondoka nacho. Jumamosi ile ukoo haukukaa. Lakini msinipigie makofi mapema. Mzee hakumkemea mwanawe hata kwa neno moja, na nusu ya tuta ilikuwa imeshakauka. Nilipanda upya peke yangu. Watoto wakakulia mikononi mwangu.

Asante, jirani wa kiberiti. Asanteni, kina mama mliokuja kunichotea maji bila kuitwa nilipokwisha kupanda upya. Na shemeji? Juzi alikuja kuomba fungu, nikampa. Sijamsamehe, siwezi kudanganya nikiwa nimesimama hapa. Ninachowaachia ni hiki: mila ikikubana, usikimbilie kuilaumu mila. Tazama kwanza ni nani aliyebeba kigoda.

Mzee alishazikwa. Uso wake sikuwahi kuuona. Tuta bado lipo palepale, na mpaka leo nalimwagilia nikiwa nimeigeuzia njia mgongo, ingawa hakuna tena anayekohoa.