Kioo Alichokifuta Kaka Yetu

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni mdogo wake marehemu, familia imenituma nisome maisha yake na kuniomba nilainishe maneno, la kwanza nitalitimiza, la pili limenishinda.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1959, nyumbani kwa wazazi wetu nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, sekondari hadi 1977, kisha chuo cha maabara, akahitimu mwaka 1980. Tangu utotoni alikuwa mbishi, ukimwambia mvua inanyesha anatoka nje kuhakikisha, ndiyo maana wenzake walimbandika jina la Bwana Ushahidi, naye akalipenda kuliko alilopewa na mama.

Tarehe 2 Januari 1981 aliajiriwa katika maabara ya hospitali, chumba chenye dirisha moja na sinki mbili, na ndiye aliyeweka sharti kwamba jibu lolote baya lisomwe kwa darubini na watu wawili kabla ya kusainiwa, kwani alisema jicho la mtu mmoja huona linachokitaka.

Alifunga ndoa tarehe 19 Novemba 1988 na shemeji yetu, fundi cherehani, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2003 aliwaandikia wafanyakazi wa hospitali mchezo wa jukwaani, kuhusu daktari ambaye mwanawe anahitaji upasuaji, na mama mtoto anayekataa kusaini fomu kwa hofu, mpaka anashindwa kwa hoja na kusaini. Shemeji aliigiza mama. Jumamosi tarehe 9 Agosti, ukumbi umejaa hadi mlangoni, alifika mahali pa kusaini, akaweka kalamu chini, akambeba mwanasesere aliyeviringishwa shuka, ndiye mtoto wa mchezo, akashuka jukwaani na kutoka nje katikati ya watu, ukumbi mzima ukasimama, unalia na kupiga makofi. Kaka alipanda jukwaani akatangaza kwamba mama yule ameua, na kila aliyepiga makofi amemsaidia. Shemeji alijitetea kwamba mkono wenyewe ulikataa, lakini hilo halikuwa ushahidi, na tangu siku ile kaka hakusema naye tena, hata chumvi ikizidi kwenye mboga alimtuma binti akamwambie mama yake.

Tarehe 12 Februari 2018, baada ya wiki kadhaa za homa, kaka alijitoa damu, akaipaka kwenye kioo, akaitazama kwa darubini, akaona saratani ya damu, na yeye mwenye sharti la watu wawili hakumwita wa pili, alikifuta kioo kwa spiriti na kutuambia ni uchovu. Alirudia hivyo kila mwezi, mpaka mwezi Juni mwenzake wa maabara alipomkuta na pamba mkononi, akaja kumweleza shemeji. Shemeji alivunja ukimya wa miaka kumi na mitano, akaketi mbele yake na karatasi za daktari za kukubali matibabu, akamsomea nafasi ya kupona, hesabu kwa hesabu, bila kupandisha sauti, na kaka akalia kama mtoto, akasema anaogopa, hasaini. Alisaini tarehe 30 Oktoba, dawa zikiwa zimechelewa, akafariki Jumanne tarehe 22 Januari 2019, saa tatu asubuhi, wodi namba nne.

Simlaumu kwa kuogopa, nani haogopi, namlaumu kwa kumwadhibu mkewe miaka yote ile kwa ajili ya mwanasesere, na zamu yake ya kuogopa ilipofika, akafa bila kumwomba radhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomngoja bila kumsimanga, majirani walioleta viti na maji, na wafanyakazi wenzake, hasa yule aliyetuambia ukweli. Shemeji ameniomba niseme mbele yenu kwamba amemsamehe, nimesema, mimi bado sijaweza. Pumzika kwa amani, kaka, nami nitaitafuta ya kwangu.