Ngao ya Vidogorski

Kagendo, Absalom, vuteni viti karibu na mzime hiyo televisheni, maana nina ya kusema na pumzi yenyewe ni ya kuhesabu. Nyumba hii ya Pearland ni yenu wawili, nusu kwa nusu, nimeshatia sahihi kwa wakili. Usinijibu kwa Kiingereza, Kagendo, sijamaliza.

Siku tuliyomzika baba yenu uliipindua ngao ya ukoo wake pale sebuleni, juu ikawa chini, kama watu wa vyeo wa huko kwao Kroatia walivyofanya akizikwa mwanamume wa mwisho wa jina. Uliipindua na Absalom amesimama hapo, mtoto tuliyemlea tangu ana miaka sita, alipofariki mama yake, Mado, Mkongomani niliyefanya naye kazi wodini, na baba yenu akampa jina lake mahakamani. Ukasema jina ni damu. Mimi nikanyamaza, na hapo nilikosa.

Sasa sikilizeni. Watu wale mwanzo waliitwa Lučanić, mpaka mfalme alipochukua ngome yao akawapa nyingine, Vidogora, wakajiita Vidogorski kwa makao mapya. Wa mwisho wao, mzee Nikola, hakujaliwa mtoto. Alikuwa na mtunza farasi mwenye mwana, Stjepan, basi akamwandikisha huyo kuwa mwanawe, akampa jina na ngao, ili siku ya mazishi isipinduliwe. Stjepan ndiye babu yako, Kagendo, mzaa baba. Baba yako aliniambia mwaka tuliooana, akanisihi nisiseme kwa sababu aliona aibu. Mimi sioni aibu yoyote. Karatasi ya kumwandikisha imo ndani ya Biblia yangu, muisome pamoja.

Damu unayoitetea ni ya mtunza farasi, mwanangu, na ni damu njema, nimeishi nayo miaka arobaini na nimeipenda.

Mnizike kando ya baba yenu. Absalom ashike jeneza mbele, na kwenye jiwe muandike Vidogorski, herufi zote, msifupishe.

Ngoja... maji kidogo. Asante.

Haya, Kagendo, inuka mama, uende sebuleni uigeuze ile ngao, kwa mkono wako ule ule. Absalom, mshikie dada yako kiti asianguke. Bado imelala kushoto. Kidogo tena... hapo. Mungu awaweke, nyote wawili. Mlango wa chumba hiki muuache wazi, niione.