Mwalimu Shamsa na Nyota za Banda la Mbata

Tarehe 30 Juni mwaka huu Mwalimu Shamsa Muhidini anaweka chaki chini, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufundisha fizikia kwenye sekondari yetu hapa Baleni. Kamati ya sherehe ilitafuta mtu wa kumwandikia wasifu, ikaniangukia mimi, Tofiki wa maabara. Ni kweli niliishia kidato cha pili, lakini hakuna hapa anayemjua kunizidi. Wenye digrii mtanisamehe.

Alitoka kwao kisiwani Juani akiwa msichana mwembamba mwenye sauti ya kusimamisha mashua iliyokwisha kung'oa nanga. Sauti bado anayo. Kupika chai ndiko kumemshinda: chai yake ni maji ya moto yaliyosikia habari za majani.

Ila mimi nampima kwa mwaka ule fizikia ilipotaka kufutwa. Walioichagua walikuwa sita tu, na kamati ya shule ikasema sita si darasa, ni abiria wa bodaboda mbili. Mwalimu akaiomba kamati, kabla ya kukata shauri, ifike kwenye banda la Bimkubwa, jirani wa shule, anakokaushia nazi zake ziwe mbata.

Makumbi ya nazi yalikuwa yanafuka moshi, ndani hakuonekani mtu. Mwalimu akaeleza kwamba nyota huzaliwa kwa makundi, zimefichwa na wingu la gesi na vumbi. Zikishawaka, mwanga na upepo wake hulisukuma lile wingu mpaka litawanyike, ndipo zinapoonekana. Banda lina vyumba viwili. Kimoja akakijaza kidato cha kwanza kizima, chumba kingine akawatia wale sita, kila mtu na tochi yake na kipepeo cha jikoni cha kupepea moshi. Filimbi nilipiga mimi, na haijapigwa tena vile.

Bimkubwa alikuwa ameombwa banda, habari za vipepeo hakuambiwa. Alipoona moshi unabubujika mlangoni akajua mbata zinateketea. Akaja na ndoo, akammwagia Mwalimu kuanzia ushungi hadi kandambili. “Shamsa mwanangu, elimu gani hiyo ya kuwaliza watoto wa wenzio?” Mwalimu akajipangusa, akamshukuru, akasema hata wingu lenyewe lisipopoa kwanza halizai nyota.

Tochi za kundi kubwa zilikwishatokeza zamani. Na huko juu ndivyo ilivyo, akasema Mwalimu: makundi makubwa hulitawanya wingu lake mapema, madogo huchelewa, lakini hutoka. Wanakamati wakaanza kutazamana. Mwalimu, huku akichuruzika maji, akawasihi wasiondoke.

Tochi moja ikapenya moshi, ikafuata nyingine, zikafika tano. Mwenyekiti alikwisha kugeuka aende zake pale kikohozi cha mle ndani kilipomrudisha. Akatoka wa sita, Swabaha, macho mekundu, kipepeo kimebaki mpini mtupu. Tochi yake inawaka.

Fizikia haikufutwa.

Mwalimu, kuanzia Julai chaki yako anaishika Swabaha yuleyule, sasa na shahada yake. Kipepeo kipya nimeshamtafutia, na filimbi bado ni yangu. Ahsante kwa kutusubiri sisi tunaochelewa kutoka moshini. Rudi Juani kwa salama, Mola akupe afya na usingizi mnono, na jirani mwema wa kukupikia chai.