Saa za Kuanua Nguo

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Kitindamimba usisimame mlangoni kama mgeni, njoo hapa kichwani pangu, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kupaza sauti, na mengi ya leo ni yako.

Miaka thelathini na moja nimelilisha tanuri la kituo cha umeme makaa ya mawe, na sitawadanganya, nililipenda. King'ora kikilia alfajiri, mtaa mzima ulijua baba yenu anaingia zamu, na kila taa niliyoiona dirishani niliiona kama nimeiwasha kwa mkono wangu. Nikirudi, mweusi hadi kwenye kope, mama yenu, Mungu amrehemu, ananisimamisha uani: "Usiguse kitu, bwana makaa!" Huku anacheka. Ah, namkumbuka kicheko chake, na kamba zake mbili za mashuka meupe pe. Majirani walimwita Mama Sabuni, wakambembeleza awape siri ya ufuaji wake.

Siri ilikuwa mimi. Mabomba ya tanuri husafishwa kwa mvuke, masizi yote hutoka kwenye dohani kwa mkupuo na kuuangukia mtaa, na sisi wa zamu tulizijua saa. Nilimwandikia mama yenu saa hizo kwenye daftari, akawa anaanua mapema na kuwafungia ninyi ndani, mkidhani mnaadhibiwa. Nguo za wenzetu zilibaki kambani. Na mtoto wa fundi cherehani, mwenzako wa dawati, Kitindamimba, alibaki nje akicheza, na mpaka leo kifua chake kinapiga mluzi.

Ulipowakusanya majirani kuidai kampuni iache makaa ituletee umeme wa jua, uliniuliza mbele ya kikao, "Baba, si mlikuwa mnazijua saa?" Nikasimama nikasema binti yangu ni mwongo. Watu wakakucheka, kikao kikavunjika, na tanuri linawaka hadi leo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nisamehe, mama.

Mkubwa, acha kununa. Umemsusa dada yako miaka minne kwa kunitetea mimi, nami nikakuacha, kwa kuwa ilinifaa. Ugomvi huo niliuwasha mimi, nauzima mimi. Nyumba ni yenu wote, asiuze mtu. Daftari liko chini ya godoro hili, mwandiko wangu mtupu, nampa dada yako. Lakini Alhamisi kikao kikikaa tena, utakayelisoma ni wewe, kwa sauti, na jina langu ulitaje.

Nipeni maji... basi, yatosha. Mungu awape vifua vizima, ninyi na watoto wenu na wa wenzenu.

Lile shuka la mama yenu, la pindo la bluu... ndilo mnifunike. Lifueni. Mkilianika, msitazame saa. Liacheni nje, kama nguo za majirani... na likipata masizi, nifunikeni nalo hivyo hivyo.