Kikombe cha Chai cha Phurba Ghising

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kusimama chini ya helikopta zetu, Phurba Ghising anastaafu siku ya mwisho ya mwezi huu wa Asar. Ameniomba nisimpambe. Nitajitahidi, ingawa sisi wawili tumezoea kutosikilizana.

Alianza Trishuli akipakia magunia. Leo hakuna rubani wetu asiyeijua mikono yake: mtu mfupi mwenye koti la rangi ya chungwa, amesimama vumbini, helikopta ikielea juu ya kichwa chake, akimwongoza rubani asiyeweza kuuona mkia wake mwenyewe. Nguzo za umeme, mabati ya shule, vyuma vya madaraja, hata ndama wa nyati aliyemnyea shingoni, vyote vimeshushwa kwa kamba naye amevipokea salama.

Kabla helikopta haijashuka, huuzunguka uwanja mara mbili: kwanza akitazama chini, kisha akitazama juu tu. Marubani vijana humtania, "Kaka Phurba, umedondosha nini mbinguni?" Naye hujibu, "Natafuta kichwa chako. Kikidondoka usije kuniuliza."

Na kazini hanywi chai. Wageni hudhani amefunga.

Miaka kumi na tisa iliyopita tulikuwa tukijenga daraja katika kijiji kimoja juu ya Syabru. Phurba alikagua uwanja alfajiri, akaukuta safi. Bibi mmoja akamwita kwake kwa chai ya siagi na chumvi, na kwetu kikombe cha mwenyeji hakikataliwi. Alipokuwa ndani, wanakijiji, kwa furaha ya kupata daraja, wakafunga kamba ya bendera za dua kutoka nguzo hadi nguzo, waibariki helikopta. Helikopta iliposhuka, mkia ukanaswa na kamba ile. Helikopta ikazunguka kama pia, ikaanguka kwenye shamba la viazi.

Rubani nilikuwa mimi. Phurba alinichomoa kwa mikono ile ile, mafuta yakivuja. Mguu wangu wa kulia haukupona.

Alikuja hospitalini na barua ya kuacha kazi. "Wewe unaanguka, Kepteni, mimi naongezewa siagi," alisema, akalia. Niliichana barua.

Sasa niseme mbele ya wote nililowahi kumwambia yeye peke yake. Siku ile nilifika dakika kumi kabla ya muda, bila kumwarifu kwa redio, kwa kuwa mawingu yalikuwa yakipanda nami nilitaka kumaliza haraka. Ningefika kwa wakati, ningemkuta nje anazunguka. Yeye hakubali. "Dakika ni zako, chai ni yangu," hunijibu, kisha huuliza habari za wanangu.

Tangu hapo hakuna aliyeanguka kwenye uwanja alioukagua. Bendera za watu huzifungua kwa adabu, na helikopta ikishaondoka huzifunga tena mwenyewe. Sarmila Lopchan, anayerithi koti lake, amefundishwa hivyo hivyo.

Siku ya kumuaga, Sarmila atapokea tangi la maji la shule hapa Dhunche. Nimekuwekea kiti kando yangu, Phurba, na chupa ya chai ya siagi. Asante kwa kila rubani aliyerudi kula wali na dengu nyumbani kwake. Magoti yako yapumzike, viazi vyako vizae, wajukuu wakuchoshe.

Helikopta itakuwa bado inaelea nitakapokumiminia. Sarmila atakuwa ameshazunguka mara mbili. Kunywa, ndugu yangu.

Kepteni Umesh Gurung, Idara ya Usalama