Matofali ya Jengo la Umoja, Mjimwema

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Katibu Tarafa;
Mwenyekiti wetu, Mzee Kajetani;
Viongozi wa madhehebu manne, ambao kuwapangia viti kumetuchukua asubuhi nzima;
Majirani wapendwa:

UKARIBISHO

Sisi wanachama wa Umoja wa Wakristo Mjimwema tunakukaribisha kwa mikono miwili. Utuwie radhi kwa mapokezi. Kwaya zilikuwa nne, kila moja na wimbo wake wa kukaribisha wageni, na hakuna iliyokubali kuwa ya pili. Uliposhuka kwenye gari ulizisikia zote kwa wakati mmoja. Hapo ndipo umoja wetu ulipofikia.

HISTORIA

Umoja ulizaliwa mwaka 1991. Miaka hii ya soko huria maduka yameongezeka Songea, na makanisa hayakubaki nyuma. Wapentekoste walifika na vipaza sauti. Sisi wa zamani tukatafuta vyetu. Ikawa Jumapili hakuna anayesikia mahubiri ya kwao. Ndipo tukaunda kamati, na kamati ikaamua kwamba umoja hauwezi kuanza bila ofisi.

MAFANIKIO

Kila kanisa lilichoma matofali mia tano. Yalipangwa kiwanjani katika mafungu manne, na nafasi katikati yasije yakachanganyika. Vilevile tumefanya vikao kumi na saba, kila kimoja kikifunguliwa kwa sala nne na kufungwa kwa sala nne.

MATATIZO

Mwezi wa pili mvua iliangusha nyumba ya Bibi Getruda, mjane anayelea wajukuu wawili. Bibi huyu alibatizwa Ukatoliki, akaolewa Uanglikana, na goti lilipomsumbua akaombewa na Wapentekoste. Alikuwemo kwenye orodha za waumini za makanisa yote matatu. Nyumba ilipoanguka, alifutika katika zote. Wakatoliki walisema ni wa kanisa la mumewe. Waanglikana wakasema mume alishafariki. Wapentekoste wakasema alikuja mara moja tu. Walutheri walimshukuru Mungu kwamba hawakuwahi kumwona.

Suala lake lililetwa kikaoni mara tatu. Mara tatu aliombewa. Yeye na wajukuu wakaendelea kulala katika jiko la jirani yake Alfani, ambaye ni Mwislamu na hakuwa na kikao.

Baada ya kikao cha tatu katibu wetu Lukresia, huyu anayekusomea risala, alipita kumwona.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Leo wamesemaje?”

“Wamekuombea.”

“Asante yao. Hebu nishikie hapa,” bibi akasema, na wote wawili wakasogeza godoro la watoto pasipovuja.

Mgeni rasmi, hapa tunasema ukweli mtupu. Kesho yake, Jumamosi, tuliyachukua matofali ya ofisi tukaenda kumjengea bibi. Lukresia alianza na fungu la Wakatoliki wenzake. Fundi Raphael, Mpentekoste, alikuja na mwiko wake. Akina mama wa Kianglikana na wa Kilutheri walibeba vichwani, na Alfani akaleta mkokoteni. Ukuta ulipofika kiunoni, Mzee Kajetani alitokea akihema.

“Nani kawapa ruhusa? Matofali ya kanisa letu yako wapi?”

“Shikamoo mzee,” Raphael akajibu. “Yamo ukutani humo. Wewe nionyeshe ni yapi, mimi nitakubomolea.”

Mzee aliuzunguka ukuta mara mbili. Sisi tuliogopa, maana wanakamati wawili walishatamka neno wizi, wakataja na baraza la kata. Mwishowe alisimama penye kona, akakodoa macho.

“Hapa pamepinda,” akasema, akavua koti.

Kwa hiyo, mgeni rasmi, jiwe la msingi ulilokuja kuliweka tunalo, ni lile lililofunikwa kitambaa. Matofali ya kufuatia hatuna. Tulitaka kukuarifu mapema ili usisumbuke, lakini hatukukubaliana ni kanisa lipi litie sahihi kwenye barua.

MAOMBI

Kwanza, tunaomba tusiitwe wezi mbele ya watoto wetu. Kama ni lazima, basi tuitwe wote kwa pamoja. Itakuwa mara ya kwanza tunatajwa bila kutanguliana.

Pili, nyumba ya Bibi Getruda imeezekwa nyasi, lakini haina mlango. Amening'iniza khanga, na baridi ya Juni ndiyo hiyo inabisha hodi. Mlango wa mninga upo. Ulichongwa kwa ajili ya ofisi yetu, nao umefungiwa stoo tangu Desemba kwa sababu hatujaafikiana jina la kanisa lipi liandikwe juu. Tunakuomba kwa mamlaka yako uagize utolewe leo hii, hivyo hivyo, bila jina lolote. Bawaba Raphael anazo mfukoni. Ufunguo wa stoo anao Mzee Kajetani, ambaye kwa sasa anatazama viatu vyake.

Mungu akujalie afya wewe na nyumba yako, na akupe njia isiyo na tope hadi ofisini kwako.

Ni sisi,
Umoja wa Wakristo Mjimwema,
Songea, Mei 1993